Adabu ya Maziko: Habari ya Msafara Uliopita Unyanyembe Mwaka 1873

Mtu akiisha kukata roho nyumbani, papo hapo huja maswali mengi, na wafiwa hawana nafasi ya kuyafikiri. Nani apelekewe habari kwanza? Nani ashike mali ya marehemu? Azikwe hapa alipokaa, au arudishwe kwao alikozaliwa? Na sisi Wakristo tuna swali letu tena: katika desturi za wazee, ipi tuifuate na ipi tuiache? Mara nyingi nimeona ndugu wakigombana penye maiti kwa ajili ya mambo hayo. Mmoja asema kwamba Mkristo akisomewa sala imetosha. Mwingine asema kwamba asiyeliliwa na watu wa nchi hakuzikwa, ametupwa tu. Hata matanga yanaondolewa, wenye msiba wamekwisha kuwa maadui.

Magomvi hayo si mapya. Njia hii ya misafara ipitayo Tabora, toka Ujiji hata Bagamoyo, mwaka 1873 ilipitiwa na maziko ambayo yalikutana na maswali hayo yote, moja baada ya moja. Maiti ilikuwa ya Dkt. David Livingstone, ambaye kila mwanafunzi amesikia jina lake. Walakini leo sitaki kusimulia habari zake yeye. Nataka kusimulia habari za watu waliomzika, maana hao walikuwa watu kama sisi, wapagazi na watumishi, na hawakuwa na padre wala mzee wa kuwaongoza.

Kwanza tutazame jinsi maziko yalivyokuwa katika nchi hii siku zile. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika habari za maziko ya Wanyamwezi kama alivyoziona na kuambiwa. Asema kwamba zamani, kabla Waarabu hawajakaa nchini, watu wengi hawakuzikwa, bali walichukuliwa porini na kuachiwa fisi. Na kwamba Waarabu walipoanza kuzika wafu wao, wenyeji hawakupenda, kwa kuwa waliogopa ardhi yao isitiwe unajisi. Mtemi alizikwa kwa heshima ya kutisha: alikalishwa kaburini juu ya kigoda, upinde mkononi, mtungi wa pombe karibu naye, na wajakazi wakazikwa naye wakiwa hai. Habari za mgeni hupaswa kupimwa, wala si kila jambo aliloambiwa lilikuwa desturi ya kila mahali. Lakini aliandika na neno moja ambalo kila Mnyamwezi aweza kulielewa moyoni. Alisema kwamba mtu akifa ugenini, na wenzake wakikubali kumzika, walimgeuza uso kuelekea kijiji cha mama yake. Na mtemi akifa mbali, mwili ulizikwa pale pale, lakini kichwa chake kilirudishwa kwao.

Tena watu wa njia hii walikuwa na utani. Mnyamwezi aliposafiri mpaka pwani alikuta kabila ambazo ni watani wake, na mtu akifa safarini mtani alikuwa na haki ya kusaidia kuzika, kama jamaa. Hivyo wapagazi walijua tangu zamani mambo mawili: ya kwanza, kwamba kufa ugenini ni jambo la hofu, ya pili, kwamba mwenzako wa safari ni ndugu yako siku ya kufa. Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu toka Tabora, baada ya Stanley kuondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi 1872. Stanley akampelekea kutoka Unguja watu zaidi ya 50, na tarehe 25 Agosti 1872 wakaondoka Kwihara kwenda kusini. Kati ya watu wake wakubwa walikuwa Susi na Chuma. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, karibu na mto Zambezi, na siku zile alikuwa Mwislamu. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, akabatizwa Bombay kwa jina la James. Pamoja nao walikuwamo vijana waliosomeshwa katika shule ya Nassick huko Bara Hindi, watoto waliokuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright, naye alijua sana kusoma na kuandika.

Livingstone alifia katika kijiji cha mtemi Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa hesabu iliyo ya kawaida ilikuwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873. Kijana Majwara, aliyekuwa akilala karibu naye, alimwita Susi. Wakaingia na wenzao, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Watu hawa wakafanya shauri. Jambo la kwanza walilofanya halikuwa kulia. Walikusanyika wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob akaandika vitu vyote kimoja kimoja, ili baadaye mtu asije akasema kwamba kitu kimeibiwa. Ndipo wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, wakaahidi kuwatii. Tena wakakata shauri kwamba mwili hautazikwa pale. Wataupeleka mpaka pwani, ukazikwe kwao.

Lakini walikuwa na hofu moja. Walijua kwamba katika nchi nyingi mwenye kijiji aweza kuwatoza faini kubwa wageni waliofiwa na mtu katika nchi yake. Kwa hiyo kwanza wakaficha, wakamwomba Chitambo ruhusa ya kujenga mahali pao nje ya kijiji. Chitambo akakubali, lakini siri ya kifo haikai. Alipopata habari akawauliza kwa upole kwa nini hawakumwambia kweli. Akawaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepata kufika pwani, tena si mara moja, naye ajua kwamba wasafiri si watu wabaya, na kwamba watu hufa njiani. Hakuwatoza kitu. Aliwashauri wamzike pale pale, kwa kuwa njia ni ndefu, walipokataa, hakuwalazimisha.

Kisha Chitambo akafanya lile ambalo mwenye nchi hupaswa kufanya. Akatangaza kilio. Akaja yeye mwenyewe na wake zake, amejitanda nguo nyekundu mabegani, na watu wake wakaja na pinde na mikuki, na wapiga ngoma wawili. Wasafiri nao wakapiga bunduki hewani kama ilivyo desturi ya misafara. Tena akaja mwombolezaji ambaye kazi yake ni hiyo, amevaa njuga za kokwa miguuni, akacheza na kuimba maombolezo ya nchi ile. Nao wakampa ushanga kuwa ujira wake.

Wasomaji, hapa pana jambo la kufikiri. Kati ya watu hawa walikuwamo Wakristo waliobatizwa, nao walikuwa wakimzika mhubiri wa Injili. Hakuna aliyemfukuza mwombolezaji. Hakuna aliyesema kwamba machozi ya Chitambo hayafai kwa kuwa hajui kusali. Walimwacha mwenye nchi alie kwa njia anayoijua, wakamlipa mtu wake haki yake. Na ilipofika zamu ya sala, sala haikuachwa.

Mtu mmoja aitwaye Farijala, aliyepata kutumika kwa daktari huko Unguja, aliupasua mwili pamoja na mwenzake, wakiwa nyuma ya pazia iliyoshikwa na wenzao, wala watu hawakuruhusiwa kutazama. Wakatoa moyo na matumbo, wakavitia katika sanduku la bati, wakavizika chini ya mti mkubwa, ambao wenyeji huuita mpundu. Jacob akafungua kitabu cha sala, akasoma sala za maziko, na wote wakasimama kimya. Mwili wenyewe wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14 katika ua uliozungushiwa miti imara ili wanyama wasiingie. Kisha wakauvika nguo, wakauweka ndani ya gome la mti, wakaufunga kwa turubali lililopakwa lami, wakautia katika mti uwezao kuchukuliwa mabegani na watu wawili.

Kabla ya kuondoka Jacob alichora jina la marehemu na tarehe katika ule mti, na wenzake wakasimamisha nguzo mbili na boriti juu yake, wakazipaka lami. Wakamwomba Chitambo afyeke majani penye mti kila mwaka, moto wa pori usije ukauunguza. Chitambo akaahidi. Mti ule ulisimama mpaka mwaka 1899, ulipokatwa kwa sababu ya kuoza. Kipande chenye maandishi kikapelekwa London, na mahali pale pakajengwa mnara wa ukumbusho.

Labda mtu atauliza: je, marehemu mwenyewe alitaka nini? Mwaka 1868, akipita msituni, Livingstone aliona kaburi la peke yake chini ya miti, akaandika katika daftari yake kwamba angependa kuzikwa mahali pa utulivu kama pale. Mkewe Mary alikuwa amezikwa katika Afrika, huko Shupanga, mwaka 1862. Basi yaonekana kwamba mapenzi yake yalikuwa kulala katika msitu. Lakini maiti si mali yake mwenyewe tu. Alikuwa na watoto, alikuwa na nchi yake, na watu hawa waliona kwamba wakirudi mikono mitupu hawataaminiwa. Wakagawanya haki: moyo wakauacha katika msitu, mwili wakaurudisha kwa jamaa. Sijui kama mwamuzi wa siku hizi angeweza kupata hukumu iliyo njema kuliko ile.

Na katika Maandiko twaona mambo yaliyo karibu na hayo. Yakobo alipokufa Misri, mwili wake ulitiwa dawa na waganga, ukachukuliwa mpaka Kanaani, kwa kuwa alikuwa amemwapisha mwanawe asimzike ugenini. Mifupa ya Yusufu nayo ilichukuliwa na wana wa Israeli katika safari yao yote, ikazikwa Shekemu. Mnyamwezi wa kale aliyegeuza uso wa maiti kuelekea kwa mama yake hakuwa amesoma habari hizo, lakini aliyajua machungu yale yale.

Safari ikaanza. Siku za kwanza wengi waliugua, hata wakalazimika kukaa karibu mwezi mzima. Wakavuka mto Luapula, wakaja kaskazini. Katika kijiji cha Chawende walikataliwa kuingia bomani. Yakatokea matata, wakapigana, wakashika kijiji, na vijiji vingine jirani vikachomwa moto. Damu ilimwagika kwa ajili ya msafara wa maiti. Siwezi kulipita jambo hilo kimya, kwa maana habari njema ikisimuliwa bila makosa yake haifundishi. Waliokuwa wakimzika mtu wa amani, siku ile walisahau amani.

Walipozunguka kusini ya ziwa Tanganyika na kukaribia Unyanyembe, walisikia kwamba Wazungu wako Kwihara. Jacob akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo. Tarehe 20 Oktoba 1873 akafika kwa Luteni Cameron, aliyekuwa amekuja kumsaidia Livingstone. Naye alikuwa mgonjwa wa homa pamoja na wenzake Dillon na Murphy. Siku chache baadaye mwili ukaingia Kwihara, mahali pale pale alipotoka Livingstone mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Askari wa Cameron wakajipanga kuupokea. Na si wao tu: Said bin Salim, liwali wa Waarabu, na wakubwa wa Waarabu wa Unyanyembe wakaja kusimama penye maiti kwa heshima. Livingstone alikuwa ameandika maneno makali sana juu ya biashara ya watumwa, nao walijua. Lakini siku ya msiba walikuja. Sisi tukaao Tabora na Ng'ambo, ambako msikiti na kanisa ni majirani, tusisahau habari hiyo.

Cameron akawashauri wazike mwili Unyanyembe. Shauri lake halikuwa la ubaya. Alisema kwamba mbele kuna Ugogo, na watu wa huko huogopa sana maiti, watapata taabu kubwa. Susi na Chuma wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa. Yeye alikuwa afisa wa Kiingereza, nao walikuwa watumishi ambao mshahara wao haukujulikana nani atalipa. Hata hivyo walisimama katika neno walilokubaliana siku ya kwanza.

Wakaendelea kwenda mashariki pamoja na Dillon na Murphy. Dillon akafa njiani huko Kasekera mwezi wa Novemba. Mahali hapo hapo ikavuma habari kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite. Wakati huu hawakushika bunduki. Waliutoa mwili katika gome usiku kwa siri, wakaufunga kwa nguo upya hata ukafanana na mtumba wa bidhaa kama mitumba mingine. Halafu wakakata mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavika sanda kama mtu, wakawapa watu sita wayachukue kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, kana kwamba wamekubali kwenda kuzika huko. Wale sita walipofika mbali na giza lilipoingia, wakayatupa mabua porini moja moja, wakatawanyika, wakarudi kwa njia mbalimbali. Wenyeji wakaridhika, msafara ukapita.

Wengine watasema ulikuwa uongo. Ni kweli, ulikuwa hila, wala mimi siwafundishi watoto uongo. Lakini linganisheni Kasekera na kijiji cha Chawende. Kule walitumia nguvu, watu wakafa. Huku walitumia akili, hakuna hata mtoto aliyeumia, na hofu ya wenyeji haikudharauliwa mbele ya macho yao. Watu wale walikuwa wamejifunza kitu njiani.

Mwezi wa Februari 1874, baada ya miezi tisa na mwendo wa maili zaidi ya 1000, wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika kanisa la Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kutoka hapo ukapelekwa Unguja, kisha Uingereza. Daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao zamani ulivunjwa na simba. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London katika kanisa kuu la Westminster. Kati ya waliosindikiza jeneza alikuwamo Jacob Wainwright. Susi na Chuma hawakuwapo. Wao na wenzao walilipwa mshahara wao pwani na kuambiwa waende zao. Baadaye rafiki mmoja wa marehemu, James Young, aliwagharimia Susi na Chuma kwenda Uingereza, lakini walipofika maziko yalikuwa yamekwisha. Chama cha Jiografia cha London kiliwatengenezea watu wa msafara ule nishani.

Chuma alikufa mwaka 1882. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachukua jina la David, akafa mwaka 1891. Jacob alirudi bara, akafa mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, penye misheni. Yeye aliyemsomea mwenzake sala za maziko katika nchi ngeni, alikuja kulala katika nchi yetu ya Unyamwezi.

Basi tujifunze nini katika habari hizi? Naona mambo manne, na yote yatufaa katika vijiji vyetu.

La kwanza, kabla ya mabishano ya desturi, mali ya marehemu iandikwe mbele ya mashahidi. Wajane na yatima wengi wamedhulumiwa kwa kuwa siku ya kilio hakuna aliyeshika kalamu. Wapagazi wale waliandika kila kitu wakiwa porini. Sisi tulio na shule tutatoa udhuru gani?

La pili, mwenye nchi na majirani wapewe habari mapema na wapewe nafasi yao. Chitambo aliumia si kwa sababu ya maiti, bali kwa sababu alifichwa. Jirani asiye wa dini yetu akija kulia, kuchimba kaburi au kuleta kuni, apokelewe. Desturi iliyo na dhuluma ndani yake, kama ile ya kuzika wajakazi wakiwa hai, imekwisha, na tumshukuru Mungu; lakini kilio, ngoma ya msiba na machozi ya mzee si dhuluma.

La tatu, sala isiachwe wala isionewe haya. Jacob alikuwa kijana tu katika watu wengi wasio wa dini yake, akafungua kitabu akasoma. Asipokuwapo padre wala mchungaji, mwalimu au Mkristo yeyote ajuaye kusoma aweza kumwombea ndugu yake.

La nne, shauri la mahali pa kuzika lifanywe mara moja, na watu wote, chini ya wakubwa waliochaguliwa, kisha lishikwe. Kumrudisha mtu kwao ni jambo la heshima, lakini wapimwe wafiwa walio hai na gharama watakayochukua. Kama haiwezekani, asizikwe kwa manung'uniko. Moyo ulizikwa chini ya mpundu, mwili ukazikwa Westminster, na sala ile ile ilisomwa mahali pote pawili.

Na maziko yakiisha, tusiwasahau waliochukua jeneza. Tembe ya Kwihara iko karibu nasi, nayo imehifadhiwa kuwa makumbusho. Mwalimu akiwapeleka watoto huko, awaonyeshe mahali alipokaa Livingstone. Kisha awataje na Susi, na Chuma, na Jacob, na Farijala, na Chitambo, ili wajue kwamba maziko yale yalifanywa na watu wa nchi hizi.